Kama Ilivyokuwa Redioni

Mwezi wa Desemba mji wa Moshi hubadilika. Wachagga waliotawanyika nchi nzima hurudi nyumbani kula Krismasi, magari kutoka Dar es Salaam hufuatana kuelekea Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, na bendi za muziki, ambazo siku zote zinajua fedha iliko, huja nyuma yao. Desemba ya mwaka 2008 mimi na mwalimu mwenzangu, niliyesoma naye Chuo cha Ualimu Marangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulilipa kiingilio katika ukumbi mmoja hapa mjini kuisikiliza bendi moja kongwe ya muziki wa dansi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nitakayoyaeleza yananihusu mimi zaidi kuliko wao.

Ilipofika kama saa tano usiku niliandika kikaratasi, nikakikunja pamoja na noti ya shilingi elfu tano, nikaenda kumtuza mwimbaji. Niliomba wimbo mmoja wa zamani, na chini yake, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaongeza: uimbwe kama ulivyokuwa redioni. Aliyeuimba zamani alikuwa amekwisha kufariki. Kijana aliyeshika nafasi yake alikisoma kikaratasi, akatabasamu, akaimba. Sauti yake haikuwa mbaya. Lakini ubeti wa pili aliuvuta kwa namna yake mwenyewe, na walipoingia kwenye chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na watu wakaacha kusikiliza wakacheza, tarumbeta ziliingia mahali ambapo mimi sikuzizoea. Nilirudi kitini nimenuna. "Wameuharibu," nikamwambia mwenzangu, naye akakubali kwa kichwa. Nadhani wazee wengi tuliokuwamo ukumbini tulikuwa hivyo hivyo. Kila mmoja alikuja na mkanda wake kichwani, akawa anaisahihisha bendi kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

Wakati wa mapumziko mpiga gitaa la solo, mtu wa rika langu, alipita mezani petu kusalimia. Nadhani alikuwa amekiona kile kikaratasi. Akakaa, akaagiza maji, akaniuliza kwa upole nafundisha wapi, maana mwandiko ulinisema. Halafu akaniambia jambo ambalo halijanitoka hadi leo. "Ile ya redioni unayoitaka, Mwalimu, ndiyo mbaya kuliko zote."

Akanieleza. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamepiga dansi hadi karibu na alfajiri. Asubuhi wakaenda studio za Radio Tanzania kurekodi, na siku hizo wote walipiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tumba na tarumbeta. Hapakuwa na kurekebisha kipande kimoja kimoja baadaye. Uzi mmoja wa gitaa lake ulikuwa umelegea, naye akagundua wimbo ukiwa umefika katikati. Fundi mitambo akasema imetosha, wimbo unaofuata. Tangu hapo kila redio inapoupiga wimbo ule yeye huinamisha kichwa mahali pale. Nami nilipapajua mara moja alipopasema. Ndipo mahali nilipopapenda kuliko pote, pale gitaa linapolia kama lina huzuni yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimelia pamoja na uzi uliolegea.

Ili msomaji asiyekuwapo enzi hizo aelewe ukaidi wetu, inafaa nieleze tulivyowafahamu watu hawa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kiwanda cha kutengenezea santuri hatukuwa nacho. Santuri zilitoka Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa Februari 1977 usifunguliwe hadi Novemba 1983, zikawa zinapenya Holili na njia za panya za Rombo pamoja na sabuni. Kwa hiyo kwetu sisi wa mlimani bendi ilikuwa sauti tu, na sauti hiyo ilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi juu kwenye migomba, betri za redio zilipoadimika tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu za jioni moja zaidi. Mtu aliyeanika betri kwa ajili ya wimbo hausahau. Anaujua hadi mwimbaji anapovuta pumzi.

Kuwaona kwa macho ilikuwa bahati ya nadra. Bendi za Dar es Salaam zilizunguka mikoani kufuata mazao: kusini wakati wa korosho, Usukumani wakati wa pamba, kwetu wakati wa kahawa. Mwaka 1976 na 1977, baada ya jalidi ya Julai 1975 kuiunguza mibuni ya Brazil na bei ya kahawa duniani kupanda, hata sisi walimu tusio na shamba la maana tulionja neema hiyo kupitia kwa wazazi wetu. Kila ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walisimama nje kwenye baridi, mbege mkononi.

Sasa hapa ndipo panaponisumbua. Katika dansi zile tulitaka nini? Nimejaribu kukumbuka kwa uaminifu, na jibu ni kwamba tulitaka nyimbo mpya. Bendi iliyokuja Moshi na nyimbo zile zile za mwaka uliopita ilinung'unikiwa. Wimbo mpya ulijaribiwa kwanza ukumbini, redio ikafuata, na aliyekuwa ameusikia kabla haujatangazwa katika Klabu Raha Leo alitamba nao wiki nzima. Jumatatu asubuhi katika chumba cha walimu mmoja wetu aliyetoka mjini aliweza kutuimbia ubeti mzima wa wimbo ambao bado haujarekodiwa, nasi tukamzunguka kama aliyeleta barua kutoka Ulaya. Bendi zenyewe zilishindana kwa mitindo, na mtindo ukichakaa ulibadilishwa. NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa na Msondo wake. Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978, ikiwa na watu kama Muhidin Gurumo waliotoka huko huko kwa wafanyakazi, ikaja na Sikinde. Hakuna aliyemwambia Gurumo apige kama alivyopiga mwaka uliopita. Angecheka.

Tena hata wimbo uliokwisha kurekodiwa haukupigwa ukumbini kama ulivyokuwa redioni. Wa dakika sita redioni ulifika robo saa ukumbini, kwa sababu chemko lilirefushwa kadiri watu walivyocheza, na mwimbaji akawataja waliomtuza. Mimi mwenyewe nilikuwamo, nikacheza, nikafurahi. Ni baadaye sana ndipo kichwa changu kilipozifuta zile robo saa zote kikabakiza zile dakika sita za redio.

Mpiga gitaa yule alikuwa na maelezo yake ya kwa nini tumebadilika, nami nayaona ni ya kweli zaidi kuliko ya kwangu, maana mimi nilikuwa tayari kulaumu uzee. Zamani, alisema, mwajiri wao hakuwa mimi. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi, Jeshi, Magereza, BIMA Lee ya shirika la bima, Urafiki ya kiwanda cha nguo, na Mlimani Park ilichukuliwa mwaka 1983 na DDC, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Vyombo vilinunuliwa na taasisi. Mwanamuziki alipata mshahara mwisho wa mwezi, mdogo lakini wa hakika, na mchana alikwenda mazoezini kama mimi nilivyokwenda darasani. Mashirika yalipoanza kubanwa, mengine yakafa na mengine yakajitoa katika mambo ya muziki, kilichobaki ni kiingilio cha mlangoni. Radio Tanzania, iliyokuwa ikirekodi nyimbo zao na kuzitangaza nchi nzima, ikajikuta ni moja kati ya redio nyingi, na redio mpya zilikuwa na vijana wao wa kupigia. Anayelipa kiingilio sasa ni mzee kama mimi, naye analipa ili asikie alichokisikia mwaka 1979. "Tuna nyimbo mpya sita," akaniambia. "Tukizipiga mnakwenda kununua mishikaki."

Sikumjibu, kwa kuwa mshikaki ulikuwa bado mkononi.

Watu huita nyimbo hizi zilipendwa. Kama mwalimu wa Kiswahili nimekuwa nikilitazama neno hilo kwa mashaka. Kiambishi cha -li- kinasema zimekwisha kupendwa, wakati uliopita, kama vile mapenzi yenyewe yamefungiwa kabatini. Wenye bendi hawalipendi sana neno hilo, nimegundua. Anayepanda jukwaani leo usiku anataka kupendwa leo usiku.

Miaka ya karibuni kijana wangu wa mwisho ananionyesha katika simu yake mambo ya wanamuziki wakongwe wa nje, naye anadhani ananifundisha jambo geni. Kumbe ni lile lile. Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alifariki Novemba 1991. Wenzake wawili wa kundi la Queen, Brian May na Roger Taylor, wamekuwa wakifanya maonyesho na mwimbaji Adam Lambert tangu mwaka 2012. Lambert haigi sauti ya marehemu. Anaimba kwa yake. Nimesikia wapo wasiomsamehe hadi leo. Lakini kuna wimbo mmoja ambao May huupiga peke yake na gitaa, watu wakiimba, na mwishoni sura ya Freddie hutokea katika pazia nyuma yake kuumalizia. Nilipouona nilijifuta macho, sioni sababu ya kuficha. Nao ABBA wa Sweden wamekwenda mbali zaidi. Tangu Mei 2022 kuna ukumbi London ambamo picha zao zilizotengenezwa kwa kompyuta, zikiwa vijana wa miaka ya sabini, huimba na kucheza, na bendi ya watu hai ikiwapigia. Hawazeeki, na sauti ndiyo ile ile ya kwenye santuri. Hapo ndipo kikaratasi changu cha mwaka 2008 kingetufikisha kama kingekuwa na fedha ya kutosha.

Sisi hatuna ukumbi wa namna hiyo, na waliokuwa wakiimba wanazidi kupungua. Marijani Rajab aliondoka mwaka 1995. TX Moshi William, ambaye sisi wa hapa tulipenda kujitapa naye kwa sababu ya jina tu, ingawa jina lake la kuzaliwa lilikuwa Shaaban Mhoja Kishiwa, alifariki mwaka 2006, na Msondo wakaendelea kupiga. Remmy Ongala alikwenda Desemba 2010. King Kikii alitutoka Novemba 2024. Gurumo aliacha jukwaa mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba, akiwa hana hata gari, na mwaka huo huo kijana wa bongo fleva, Diamond Platnumz, akampa moja. Aprili 2014 tukamzika. Nilipoisoma habari ile ya gari nilihesabu ni mara ngapi nimewahi kulipa kiingilio katika maisha yangu yote. Vidole vya mikono na miguu vilitosha. Redioni nilimsikiliza Gurumo maelfu ya mara, bure.

Mwalimu mwenzangu amefariki, na magoti yangu hayanitii. Hata hivyo Desemba iliyopita nilimwomba mke wangu anisindikize tena mjini, kwa kuwa bendi ile ile ilikuwa imekuja. Mpiga gitaa wangu hakuwamo. Niliuliza, nikaambiwa anaumwa, yuko kwao. Yule kijana mwimbaji naye sasa ana mvi. Alinishangaza kwa kunikumbuka. "Shikamoo, Mwalimu. Leo hujaja na kikaratasi?" Nikamwambia waanze na mpya, waliyoitunga wenyewe. Akanitazama kuona kama namtania.

Wakaupiga. Meza tatu ziliondoka kwenda kwenye mishikaki. Sisi tulicheza hadi chemko likaanza, kisha nikamwambia mke wangu basi, magoti, tukakaa, nikasikiliza hadi mwisho. Ulikuwa na kipande kimoja kizuri cha saksafoni, na maneno yaliyonipita kidogo. Halafu wakapiga wa zamani, na nikiri kwamba moyo wangu uliruka kuliko ulivyoruka kwa ule mpya, na nilipofika pale penye uzi uliolegea nikausikia, ingawa kijana aliyelishika gitaa alilipiga barabara.

Jina la ule wimbo mpya niliuliza, mwimbaji akanitajia mara mbili kwa sababu ya kelele. Nililisahau kabla hatujafika Kiboriloni, na mke wangu naye hakulishika.