Nyumba za Mawe za Lamu, na Jinsi Zilivyopangwa Ndani

Mtu akitaka kujenga, kwanza huuliza bei ya bati na saruji. Habari ya vyumba huiacha mpaka kuta zimekwisha simama. Wajenzi wa Lamu hawakufanya hivyo. Nyumba nyingi za mawe zilizosalia mjini humo ni za karne ya 18 na ya 19, na aingiaye katika mojawapo ya zile za kale hutambua upesi ya kuwa mambo ya ndani yalifikiriwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Tuanze na mti, kwa maana mti ndio uliotoa amri. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuvuka nafasi ipitayo yapata futi 9. Basi kila chumba kilikuwa chembamba, hata cha tajiri. Akitaka ukubwa aliongeza urefu, wala si upana. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa, unene wake zaidi ya futi moja na nusu, nazo zilizuia joto. Kwa kazi ya nakshi walikata matumbawe baharini, ambayo ni laini yangali mabichi, nayo yakikauka huwa magumu.

Sasa na tuingie. Mbele ya mlango pana daka, lenye baraza za mawe pande zote mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na rafiki zake. Nyuma ya mlango pana tekani, ambapo njia hugeuka, hata apitaye nje asiweze kuona ndani ingawa mlango u wazi. (Sisi siku hizi huuelekeza mlango wa mbele kwenye meza ya chakula, tukadhani tumeendelea!) Kisha pana kiwanda, yaani ua usio na dari, nao ndio dirisha la nyumba nzima, kwa kuwa kuta za upande wa njia karibu hazina madirisha. Kutoka hapo vyumba virefu hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Kwa Kiamu tini na yuu ni chini na juu, kwani sakafu hupanda kidogo kadiri uendeleavyo, na mwanga nao hupungua.

Ndani kilikuwa chumba cha bibi mwenye nyumba, na humo ndimo ulimo ukuta wa zidaka: vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vilivyowekwa bakuli na sahani za China. Wengine wasema vilikuwa pambo. Wengine wasema vilikuwa kinga, kwa kuwa huko nyuma ndiko watoto walikozaliwa na maiti walikooshwa. Mimi sioni kwa nini visiwe yote mawili.

Chooni palikuwa na birika la maji, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Bakuli la kauri lilijengewa chini kabisa, ili maji yakipungua samaki wasife. Ni nani awezaye kuwaita watu hao wajinga wa afya?

Nyumba hizo ziliwahusu mabinti hasa. Baba alimjengea binti yake nyumba alipokaribia kuolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Kiwanja kikikosekana, baba alipandisha ghorofa, ama alijenga wikio, yaani chumba kivukacho juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, mama na binti wakatembeleana pasipo kushuka barabarani.

Walakini asifuye zidaka na kunyamaza hapo ametoa nusu ya habari. Katika nyumba za ghorofa wenyewe walikaa juu. Chini palikuwa na ghala na makao ya watumwa. Watumwa hao walibeba mawe, wakateka maji ya birika, wakafagia misana ambayo hawakulala ndani yake. Pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1907. Biashara ya Lamu nayo ilipungua, na pale ambapo dari haikupakwa chokaa upya, mvua ilipenya, boriti zikaoza, na nyumba ikawa gofu. Mwaka 2001 mji mkongwe uliandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa dunia, na mafundi wa chokaa wakatafutwa tena.