MAGADI: KUTOKA MLIMA LENGAI HADI KIKOMBE CHA MJAMZITO (Sehemu ya 4)

Wiki hii mama mmoja alikuja kliniki, mimba ya miezi minane, miguu imevimba, presha iko juu. Nikamuuliza anatumia dawa gani nyumbani. "Hakuna nesi, nakunywa maji ya magadi tu, kiungulia kinanisumbua usiku." Hilo "tu" ndilo limenifanya niandike sehemu hii.

Unayajua magadi. Nenda sokoni Kirumba, utayakuta yamepangwa mafungu: mabonge meupe yaliyofifia, mengine ya kijivu, mengine yana wekundu kwa mbali. Tunayatia kwenye maharage yaive haraka, na wavuta ugoro wanayajua vizuri. Ila ukimuuliza muuzaji yametoka wapi, atakwambia "Arusha" na maneno yameisha.

Yanayojulikana zaidi ni ya Ziwa Natron, mpakani na Kenya. Ziwa lile halina mto wa kutoka. Maji ya Ewaso Ng'iro na ya chemchemi za moto yanaingia na chumvichumvi zake, jua linakausha maji, na kinachobaki kinaganda juu kama ukoko: kaboneti na bikaboneti ya sodiamu pamoja. Wenzetu wa Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wana kampuni inayoyachimba tangu 1911, na reli ikajengwa kwa ajili hiyo. Wamisri wa kale walitumia ndugu yake kukaushia maiti za wafalme.

Kusini mwa Natron kuna Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai. Ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti. Inatoka nyeusi kama oili chafu, joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida, na ikipata unyevu inageuka nyeupe. Lava iliyotoka 1960 iliwashangaza wanajiolojia, na madini mapya waliyoyakuta humo wakayaita nyerereiti, jina la Mwalimu, mtoto wa Butiama, huku huku upande wetu wa ziwa. Cha ajabu, madini hayo hayadumu. Mvua ikiyapiga yanabadilika, kwa hiyo usitegemee kuyaona dukani.

Ulaya na Marekani kuna watu wanaweka mawe ya kaboneti kama kalsaiti kifuani ili wapone. Jiwe la kifuani halimdhuru mtu. Sisi letu tunalimeza.

Na bibi zetu hawakuwa wajinga, naomba tuelewane. Magadi yanaua asidi ya tumbo kweli, unabeua, unapata nafuu. Hata hospitali tunayo bikaboneti ya sodiamu, lakini ile imesafishwa na imepimwa. Bonge la sokoni nani kalipima? Sodiamu yake ni ile ile ya chumvi ambayo mwenye presha tunamwambia apunguze. Halafu kuna floraidi: watafiti wa meno nchini walikuta watoto wenye meno ya kahawia sehemu ambazo maji ya kunywa hayana floraidi nyingi, na magadi ya chakula yakawa miongoni mwa waliotiliwa shaka.

Yule mama tulimlaza. Sisemi magadi ndiyo yaliyompandishia presha, presha ya mimba ina mambo yake mengi. Lakini alikuwa amekunywa kila usiku kwa miezi miwili, na mahudhurio yote ya nyuma hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi.

Mjamzito mwenye kiungulia: kula kidogo kidogo, usilale mara tu baada ya kula, inua kichwa kwa mto, na uje tukupe dawa inayofaa. Ukiulizwa dawa unazotumia, yataje na magadi. Kuumwa kichwa sana, kuona maruweruwe au kuvimba uso, usisubiri asubuhi.

Sehemu ya 5 ni udongo wa pemba. Nimeombwa na wengi, wengine wakiwa wanautafuna.