Viti Kabla ya Alama: Historia ya Kuitwa Chuoni kutoka Majengo

Kwetu Mombasa habari ya chuo kikuu husemwa kwa kauli ya kutendwa. Fulani ameitwa Nairobi, fulani ameitwa Maseno, fulani mwaka huu hakuitwa. Kitenzi hicho kimebeba historia ndefu. Anayeitwa hangojei malipo ya bidii yake tu. Anangoja pia mwenye mlango aseme ndani mna nafasi ngapi na wa kuingia ni nani. Kijana wa kidato cha nne pale Majengo hupiga hesabu yake kwa tarakimu: A ni pointi 12, C+ ndiyo alama ya chini ya kusomea shahada, na masomo manne ya klasta, yaani yale yanayotakiwa na kozi, hupimwa kwa pointi 48. Akikosa kozi aliyoitaka, hujilaumu yeye, au hulaumiwa na wazazi, na hesabu ikaishia hapo. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo, japo ni ya lazima, imeanzia katikati. Kwa zaidi ya miaka mia moja katika kisiwa hiki, viti vimehesabiwa kwanza na alama zikafuata, na asiyejua viti vilivyopangwa hawezi kujua alama yake ina thamani gani.

Majengo yenyewe ni mtaa uliozaliwa na uhaba wa nafasi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini ilipozidi kukua, Mji wa Kale haukuweza tena kuwabeba wote waliokuja kutafuta kazi wala wenyeji waliokuwa wakiongezeka. Watu wakatoka nje ya mji wakajenga nyumba za Kiswahili juu ya viwanja vya kukodi: ukuta na paa ni vyako, ardhi ni ya mwingine. Ndani ya nyumba hizo, ukumbi hupita katikati na vyumba viko kila upande, na mwenye nyumba hupangisha. Kwa hiyo chini ya paa moja la makuti aliweza kukaa Mdigo anayebeba mizigo bandarini, familia ya Miji Kumi na Miwili, yaani Waswahili wenyeji wa Mombasa, iliyohama kutoka Mji wa Kale, Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadramaut, mwenye duka, na Mkamba aliyekuja kwa reli. Walichota maji pamoja na kuzikana. Lakini mbele ya serikali ya kikoloni hawakuwa majirani, walikuwa mafaili tofauti. Sheria za kodi zilimweka Mwarabu upande mmoja na mwenyeji wa asili upande mwingine, na Waswahili wa Miji Kumi na Miwili walitumia miaka mingi kupinga kutiwa katika fungu lililowanyima haki za mji waliouita wao. Wapo wanaousimulia ugomvi huo kama majivuno ya nasaba. Majivuno yalikuwamo, sikatai. Ila tazama kilichogombewa: fungu la mzazi ndilo lililoamua mtoto atasoma wapi.

Maana shule nazo zilipangwa kwa mafungu. Serikali ilifungua Shule ya Waarabu mjini mwaka 1912, na masomo yake yalilenga zaidi kutoa makarani kuliko wanazuoni. Mwaka 1923 ikafunguliwa Allidina Visram High School, ukumbusho wa tajiri aliyefariki mwaka 1916, nayo ikawa ya watoto wa Kihindi. Mwafrika aliyetaka elimu ya sekondari alielekezwa kwa wamishonari, na mlango mkubwa kuliko yote, Alliance High School, ulifunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu na umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Jiulize basi nafasi ya mtoto Mwislamu, Mdigo au Mswahili, aliyepanga na wazazi wake katika Majengo ya miaka ya 1930. Shule ya Wahindi si yake. Ya Waarabu inategemea atahesabiwa nani. Alliance iko mamia ya kilomita bara, na ni shule ya kanisa. Mtoto huyo angeweza kuwa na akili ya kutisha na bado asifike kwenye chumba cha mtihani. Kwake yeye alama lilikuwa jambo la kinadharia.

Hapa huja pingamizi ambalo hata wenyeji hulitoa: kwamba watu wa Pwani waliikataa shule wenyewe, wakakaa barazani huku wenzao wa bara wakisoma. Ndani yake mna ukweli kidogo. Wazazi wengi waliogopa, na hofu yao haikuwa ya bure, kwa sababu katika shule za misheni darasa na kanisa vilikwenda pamoja. Lakini kukataa mlango fulani si kukataa elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947, alikuwa tayari ametoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwahimiza Waislamu kwa maneno makali waishike elimu ya kisasa, wasomeshe na mabinti, wasiridhike na sifa za mababu. Katika miaka hiyo hiyo ilianzishwa Mombasa madrasa ya Al-Ghazali, iliyochanganya masomo ya dini na ya dunia. Watu walioikataa elimu hawaandiki magazeti ya kuidai. Walichokosa ni shule ambayo mtoto angeingia bila kuulizwa aache nini mlangoni.

Juu ya shule hizo zote kilikuwapo chuo kimoja. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuja kuwa mwaka 1949 chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar zote zilitazama mlango huo mmoja, na kigezo chake kilikuwa mtihani wa Cambridge, uliotungwa Uingereza kwa Kiingereza. Mombasa, badala ya chuo kikuu, ilipata Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, iliyoanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza. Kusudi lake lilikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Ilikuwa neema kubwa, na majengo yake kule Tudor bado ni fahari ya kisiwa. Hata hivyo ilikuwa pia uamuzi kuhusu viti: kwamba Mwislamu wa Pwani akifaulu, awe fundi. Aliyetaka kusoma falsafa, siasa au udaktari alirudi kwenye foleni ya Makerere.

Kwenye foleni hiyo alisimama mtoto wa Sheikh Al-Amin mwenyewe. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufiwa na baba akiwa na miaka 14, alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu. Makerere ikamkataa. Akaajiriwa karani pale MIOME, na huenda maisha yake yote yangepita katika kunakili barua za ofisi kama si hotuba moja. Katika sherehe ya Maulidi alisimama akazungumza, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Gavana Sir Philip Mitchell, aliyekuwa na hamu kubwa na taasisi ile. Gavana alivutiwa, na mambo yakaanza kusukumwa. Mwaka 1955 Mazrui akaenda Uingereza kwa ufadhili, kwanza Huddersfield kukamilisha masomo ya sekondari, kisha Manchester alikomaliza shahada mwaka 1960, kisha Columbia ya New York mwaka 1961, na mwisho Oxford iliyompa udaktari wa falsafa mwaka 1966. Kabla hata ya cheti hicho cha Oxford kutoka, Makerere ile ile ilikuwa imemwajiri kufundisha, na mwaka 1965 ikamfanya profesa. Alikuwa na miaka 32.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi ili kuwatia moyo vijana: angalia, kipaji hujifungulia njia. Mimi nakisoma kinyume. Tuhesabu kilichohitajika ili njia hiyo ifunguke. Alihitaji kuwa mtoto wa Kadhi Mkuu, aliyelelewa katikati ya vitabu na mijadala. Alihitaji kazi katika taasisi ambayo gavana aliipenda, na jukwaa siku ambayo gavana alikuwapo. Kijana wa Majengo mwenye daraja la tatu hilo hilo, aliyekuwa akipakia magunia Kilindini siku ya Maulidi ile, hakuwa na gavana wa kumsikia. Kusema hivyo hakumpunguzii Mazrui hadhi hata chembe. Aliyoyafanya baada ya mlango kufunguka ni yake. Ila mlango wenyewe ulifunguka kwa bahati, na bahati haiwezi kuitwa utaratibu. La pili ni zito zaidi. Akili iliyopewa daraja la tatu ndiyo iliyofika Oxford. Mtihani haukuwa umeona kilichomo. Ulichofanya ni kupunguza foleni ya chuo kilichokuwa na nafasi chache kwa nchi nne. Kama nafasi zingekuwa maradufu, daraja lile lingetosha, na hadithi ya gavana isingehitajika.

Palikuwapo milango mingine, nayo ilikuwa na hesabu zake. Ndege ya kwanza ya wanafunzi, iliyopangwa na mwanasiasa Tom Mboya, kwenda Marekani iliondoka mwaka 1959 na vijana 81, na aliyepanda ni yule aliyekwisha kupata barua ya chuo pamoja na watu wa kumchangia. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipoanzishwa mwaka 1961, baadhi ya vijana wa Mombasa walipata njia isiyopitia Cambridge kabisa. Huko kilichotakiwa kilikuwa Kiarabu, cheti cha maahad, yaani chuo cha dini, na tazkia, yaani barua ya mwanazuoni anayekujua na kukushuhudia. Wapo wanaoidharau tazkia kwa kuwa ni neno la mtu na si alama ya mtihani. Lakini Mazrui aliingia Uingereza kwa kitu gani, kama si kwa tazkia ya gavana?

Uhuru uliyafuta mafungu ya rangi, na hilo lisichukuliwe kuwa dogo. MIOME ikafunguliwa kwa wote na mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha Mombasa. Mitihani ikawa ya taifa zima. Uhaba lakini ulibaki, umebadilisha nguo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake kuanzia 1970, vingine vikafuata bara, na Pwani nzima haikupata chuo kikuu cha umma mpaka mwaka 2007, vilipoanzishwa vyuo vishiriki cha Kilifi na cha Mombasa Polytechnic. Vyote viwili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kutoka 1970 hadi 2007 ni miaka 37. Shule za sekondari nazo: mfumo wa mgao wa 1985 ulitaka sehemu kubwa ya wanafunzi, asilimia 85, watoke katika eneo la shule. Palipokuwa na shule nyingi nzuri sera hiyo iliwalinda wenyeji. Palipokuwa na chache, iliwafungia humo humo. Na shule za kitaifa, zilizochukua wanafunzi kutoka nchi nzima, hazikuwa na hata moja Pwani mpaka zilipoongezwa kuanzia 2011.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu zaidi. Leo, huambiwa, kompyuta ya KUCCPS, idara ya taifa inayowapangia wanafunzi vyuo, haijui Majengo ni wapi. Haimwoni baba, dini wala kabila. Huona namba ya mtahiniwa na pointi zake. Ni kweli, na ni jambo la kushukuriwa. Ila kompyuta hiyo hugawa viti ilivyopewa, haiviumbi. Kabla yake Bodi ya Pamoja ya Udahili, ya wakuu wa vyuo vikuu vya umma, iliita wanafunzi kwa kadiri ya vitanda vilivyokuwa kwenye mabweni. Vitanda! Mwenye C+ alikuwa amefuzu kwa mujibu wa kanuni, na bado maelfu wa aina yake walibaki nyumbani mwaka hadi mwaka, kwa sababu mstari wa kukata ulipandishwa mpaka idadi ya walioitwa ilingane na magodoro. Udahili ulipotenganishwa na mabweni, mstari huo ulishuka, na siku hizi mwenye C+ huweza kuitwa, ingawa kozi kama udaktari zingali na ushindani mkali. Basi yuko mtu Majengo leo, amepita umri wa miaka arubaini, aliyepata B ya wakati huo na kuambiwa kwamba hakufaulu vya kutosha. Alifaulu. Kitanda ndicho kilichokosekana, na hakuna aliyemwambia.

Nayasema haya sasa kwa kuwa mpangilio wa viti umebadilika tena. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia darasa la 10, na kila mmoja amewekwa katika mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mkondo huo utaamua kozi anazoweza kuziota miaka mitatu baadaye, na si kila shule inayo mikondo yote. Mlango uliokuwa ukifungwa mwisho wa kidato cha nne sasa waweza kufungwa mtoto akiwa na miaka 15, kimya kimya, kwa fomu iliyojazwa haraka. Mzazi wa Majengo, wa Bondeni, wa King'orani: kabla ya kumuuliza mwanao amepata ngapi, nenda shuleni ukaulize shule ina mikondo gani, maabara ngapi, walimu wangapi wa hesabu. Uliza kwa jina, na usiondoke bila jibu.