Kadi za Posta Kutoka Manowari Nyeupe

Tarehe 16 Desemba 1907, manowari 16 za Marekani ziling'oa nanga Hampton Roads, jimboni Virginia, zikiwa na wanamaji wapatao 14,000. Rais Theodore Roosevelt alizitazama zikipita mbele yake, kisha zikaenda kuizunguka dunia kwa miezi 14. Zilipakwa rangi nyeupe, ndiyo maana historia inaziita Msafara Mkuu Mweupe. Kusudi halikufichwa sana: dunia, na hasa Japani, ijionee nguvu za Marekani.

Safari hiyo husimuliwa zaidi kwa ripoti za maamiri. Kuna upande mwingine wa habari, nao uko kwenye kadi za posta ambazo mabaharia waliwapelekea mama, dada na wachumba.

Walisafiri wakati mzuri. Miezi tisa tu kabla, tarehe 1 Machi 1907, posta ya Marekani ilikuwa imeruhusu mgongo wa kadi ugawanywe kwa mstari: kulia anwani na stempu, kushoto maneno machache. Zamani mgongo wote ulikuwa wa anwani, na mwenye la kusema alijibanza pembeni mwa picha. Ruhusa hiyo ilikuta homa ya kadi imeshapanda. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1908, kadi zaidi ya milioni 677 zilipita katika posta ya Marekani, nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni 90.

Msafara ulipita Trinidad na Rio de Janeiro, ukapenya mlangobahari wa Magellan (Mfereji wa Panama ulikuja kufunguliwa 1914), ukapanda hadi Callao na San Francisco. Sydney, Agosti 1908, watu wapatao nusu milioni walijipanga ufukweni kuupokea. Yokohama, watoto wa shule waliwaimbia wageni kwa Kiingereza. Wachapishaji wa bandarini hawakulala: walitoa kadi zenye bendera mbili zilizopishana na manowari nyeupe kama theluji.

Usafi huo wa kwenye picha ndio unaonifanya nitabasamu, kwa sababu meli zile zilikula makaa ya mawe. Kila baada ya muda, meli ya makaa ilisogezwa ubavuni na karibu mabaharia wote wakaitwa kazini. Wengine waliteremka katika ngama yake na sepetu, wakajaza magunia, winchi ikayapandisha, wengine chini ya sitaha wakayasambaza makaa ghalani, gizani, katika joto la kukata pumzi. Vumbi liliingia masikioni, kwenye chakula, kwenye matandiko. Kazi ikiisha, meli iliogeshwa kutoka juu hadi chini ili weupe urudi, tayari kwa kupigwa picha nyingine. Tena makaa mengi yaliletwa na meli za kukodi za kigeni, maana Marekani haikuwa na meli zake za kutosha. Siri hiyo ya udhaifu haikuwa na kadi.

Wala baharia hakuwa na nafasi ya kuieleza. Kadi haina bahasha: tarishi anaweza kuisoma, jirani naye vilevile. Ukitaka kulalamika unahitaji barua. Kwenye kadi unasema u mzima, unasalimu wote, unataja bandari inayofuata.

Barua za kuja ndizo zilizosumbua zaidi, kwani ziliifukuza meli iliyokuwa ikienda mbele daima. Msafara ulipoondoka Melbourne Septemba 1908, manowari Kansas iliachwa nyuma ingoje meli ya barua. Ilipokuwa ikingoja, ikawaokota pia baadhi ya mabaharia waliokuwa wamenogewa na mji wakakosa kurudi melini.

Januari 1909, msafara ukiwa Suez, ikafika habari ya tetemeko lililokuwa limeifyeka Messina, Italia, tarehe 28 Desemba. Manowari Connecticut na Illinois zilitumwa kusaidia, na mabaharia wa Illinois wakafukua kifusini miili ya konsuli wa Marekani na mkewe.

Meli zilirudi Hampton Roads tarehe 22 Februari 1909, na muda si mrefu rangi nyeupe ikafunikwa kwa kijivu cha vita. Huku nyuma, sheria ya Mei 1908 ilikuwa imeruhusu makarani wa posta ndani ya meli za kivita. Agosti mwaka huohuo ofisi za kwanza zilifunguliwa melini, na meli zikaanza kugonga mihuri yenye majina yake. Wakusanyaji wa leo huigeuza kadi kwanza, wautafute muhuri huo, ndipo waitazame picha.