Siku Kumi na Moja za Kahura

Msomaji, ukisimama Mwembe Tayari, mjini Mombasa, wakati wa jioni, utayaona mabasi yakipakia abiria waendao Nairobi na kwingineko bara. Karibu na hapo, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, pana ukumbusho wa askari na wapagazi waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Ni haki watu hao wakumbukwe. Lakini katika umati ule wa abiria huenda yumo mwanamke aliyetoka hospitali juzi, aliyepasuliwa ili mtoto azaliwe, au ili uvimbe uondolewe katika mji wake wa uzazi. Amekaa kimya, mkono tumboni, akingojea safari ya usiku kucha. Wanawake wa namna hiyo nao wana historia yao, na sehemu moja ya historia hiyo nataka kukusimulia. Ilitokea mbali na pwani, huko bara yaelekeako mabasi hayo, katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo imo ndani ya Uganda.

Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana wa Kiingereza aliyesomea udaktari na kutumwa na misheni, alifika mahali paitwapo Kahura. Huko alishuhudia mwanamke aliyeshindwa kujifungua akipasuliwa na mpasuaji wa Kinyoro. Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na mimba yake ilikuwa ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu amelewa, ili maumivu yapungue; kisha akafungwa kitandani kwa nguo za magome ya miti. Mpasuaji akanawa mikono na kuliosha tumbo la mwanamke kwa pombe hiyo hiyo, halafu kwa maji. Akapasua mara moja, kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu, na msaidizi akaigusa kwa chuma cha moto mishipa iliyovuja damu. Mtoto alipokwisha kutolewa, mpasuaji aliuminya mji wa uzazi kwa mikono miwili ili ujikaze, akalitoa kondo, kisha akaziunganisha kingo za jeraha kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri. Juu yake akapaka rojo la mizizi iliyotafunwa, akafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, akakaza kitambaa. Felkin aeleza kwamba mpaka pini zilipotiwa, mwanamke yule hakupiga ukelele hata mmoja.

Masimulizi mengi ya upasuaji hukoma hapo, kana kwamba kazi imekwisha. Felkin hakukoma. Aliendelea kumtazama mgonjwa siku baada ya siku na kuandika aliyoyaona. Usiku wa pili joto la mwili lilipanda hadi nyuzi 101 za Farenhaiti, yaani kupita kidogo 38 za Selisiasi, na moyo ukapiga mara 108 kwa dakika. Asubuhi ya tatu jeraha lilifunguliwa, pini moja ikatolewa. Siku ya tano zikatolewa tatu, na siku ya sita zote zilizosalia. Kila lilipofunguliwa, usaha kidogo uliokuwapo ulipanguswa na rojo jipya likapakwa. Maziwa ya mama yalikuwa haba, basi rafiki yake akawa akimnyonyesha mtoto. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga kabisa.

Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza: ushahidi huu una uzito gani? Shahidi ni mmoja tu. Lakini angalia jinsi kila kitu kilivyokuwa tayari: pini zimesuguliwa, wasaidizi wanajua nafasi zao, na siku za kufungua jeraha zinafuata utaratibu. Huo si ustadi wa kubahatisha. Felkin alipoyaeleza mambo haya mjini Edinburgh mwaka 1884, wengi wa wanawake waliopasuliwa hivyo katika Ulaya walikuwa wakifa, ama kwa kutokwa na damu, ama kwa uchafu kuingia jerahani. Semmelweis alikuwa amewahimiza madaktari wa Vienna kunawa mikono tangu 1847, na Lister alikuwa ametangaza dawa yake ya kuzuia uozo wa majeraha mwaka 1867. Hata hivyo ni mwaka 1882 tu ambapo Max Sänger wa Leipzig alionyesha faida ya kuushona mji wa uzazi wenyewe, jambo ambalo Kahura halikufanywa.

Leo hatutafuni mizizi wala hatuchomi mishipa kwa chuma cha moto. Lakini somo la zile siku 11 halijachakaa: kisu ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni jicho linalolinda. Dalili ya mvua ni mawingu. Homa ifikayo nyuzi 38. Jeraha linalozidi kuwa jekundu, kufumuka au kutoa usaha. Damu inayolowesha pedi nzima kwa muda wa saa moja. Uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Tumbo kujaa pamoja na kutapika. Mkojo kuzuilika au kuvuja: kila moja ni sababu ya kurudi hospitali pasipo kungoja. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa; na pumzi ikikatika ghafula, huenda donge hilo limefika mapafuni. Ndiyo maana wauguzi humhimiza mgonjwa atembee mapema, na ndiyo maana safari ndefu ya basi ni hatari kwake.

Adui mkubwa katika siku hizo ni haya. Mama huona aibu kutaja sehemu za siri mbele ya mumewe au mwanawe, akanyamaza mpaka ugonjwa umekomaa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humfichua. Msomaji, mama yako au dada yako atakapotoka hospitali, mpokee mzigo, kwa kuwa hapaswi kuinua kitu kizito. Muulize kwa adabu usiku wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Mwanamke wa Kahura hatumjui jina, maana Felkin hakuliandika. Twajua tu kwamba kila siku alikuwapo mtu wa kumtazama, naye akapona.