Uziwi Kanisani ni Suala la Lugha

Msomaji na ajaribu jambo moja dogo mbele ya kioo. Atamke "Baba" bila kutoa sauti, kisha atamke "Mama". Midomo inafumba mara mbili na kufumbuka mara mbili, na anayeitazama hana namna ya kujua ni lipi limesemwa, kwa kuwa b na m hutamkiwa mahali pamoja na tofauti yake imejificha ndani ya pua. Basi Kiziwi anayetegemea midomo ya padri ameachwa njiani tangu maneno ya kwanza ya Misa, ishara ya msalaba inapofanywa kwa jina la Baba. Jibu analijua kwa mazoea. Masomo ya Jumapili hiyo, ambayo hana mazoea nayo, ndiyo yanayompita.

Katika parokia zetu za Afrika Mashariki, habari ya Viziwi ikitajwa mara nyingi huwekwa kwenye fungu la huruma: sadaka maalumu, siku ya wagonjwa, zawadi za Krismasi. Hoja ya makala hii ni kwamba fungu hilo silo lake. Kiziwi aliyekulia katika lugha ya alama yuko mahali alipokuwa muumini wa Tabora mwaka 1960, aliyepiga magoti mbele ya Misa ya Kilatini. Mwili upo kanisani, lugha haipo. Suala la muumini yule Kanisa lilikwisha kulitolea uamuzi. Konstitusio ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya Desemba 1963 iliweka ushiriki kamili, wa kujua na wa kutenda kuwa haki na wajibu wa kila mbatizwa, ikaufungulia mlango Kiswahili na ndugu zake. Miaka miwili tu baadaye, 1965, Roma iliruhusu lugha ya alama itumike katika liturujia pamoja na Viziwi. Ruhusa hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado wapo mapadri wanaodhani ni jambo la kuomba kibali.

Kwa nini imechelewa kutufikia? Kikwazo kimoja ni cha kiteolojia, nacho ni kikongwe. Mtume Paulo, katika Warumi 10:17, anafundisha kwamba imani huanzia katika kusikia. Mtakatifu Augustino, akibishana na Juliano wa Eclanum, aliutumia mstari huo kusema kwamba uziwi huizuia hata imani yenyewe. Sentensi hiyo moja imenukuliwa mno. Husahaulika kwamba Augustino huyohuyo, katika De Magistro ya mwaka 389 hivi, alimkumbusha mwanawe Adeodatus jinsi watu wanavyozungumza na Viziwi kwa ishara, wakiulizana na kujibizana. Husahaulika pia kwamba neno la Kigiriki alilotumia Paulo, akoē, lina maana mbili: tendo la kusikia, na habari yenyewe inayopokewa. Hofu ya Paulo ilikuwa ujumbe usio na mjumbe. Ngoma ya sikio haikuwa shauri lake.

Sisi wenye Kiswahili tungepaswa kuwa wepesi wa kulitambua hilo, maana kusikia kwetu hakukai sikioni peke yake. Twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu ya mchele mpya kutoka nyumba ya jirani. Lakini lugha hiyohiyo ina makali upande wa pili. Mtoto mkaidi "hasikii". Sikio la kufa halisikii dawa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kutosikia kwetu ni karibu sawa na kutotii, na mahubiri yamelirithi jambo hilo bila kulichunguza. Mhubiri anapokemea "uziwi wa kiroho" hajui kinachotokea pembeni yake, ambako mkalimani analazimika kuitaja dhambi kwa alama ileile ambayo watu walioketi mbele yake huitumia kujitambulisha.

Hata simulizi ya Marko 7:31-37, ambayo kwa kawaida huhubiriwa kuhusu sikio lililofunguka, yafaa isomwe tena polepole. Kabla ya kutamka Effatha, Yesu alimtenga yule mtu Kiziwi na umati, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akainua macho mbinguni. Kila tendo hapo ni la kuonekana. Sisemi kwamba Mwinjili alikusudia kutufundisha isimu. Nasema kwamba yule mtu alikwisha kuelezwa jambo, kwa njia aliyoiweza, kabla sikio lake halijafunguka.

Historia ya Kanisa imeyabeba mawazo yote mawili kwa pamoja, lile la uziwi kama kizuizi na lile la ishara kama lugha. Katika karne ya 16, Pedro Ponce de León, mmonaki Mbenedikto wa Oña huko Hispania, alifundisha watoto Viziwi wa familia za kikabaila, wakati watu wengi waliamini kwamba hawafundishiki. Karibu na mwaka 1760, padri Charles-Michel de l'Épée wa Paris alianza na mabinti pacha wawili ambao alihofia wangeishi bila katekesi. Akajifunza ishara kutoka kwa Viziwi wenyewe, na juhudi yake ikazaa shule. Kisha ukaja mkutano wa Milano wa mwaka 1880, ulioamua kwamba Viziwi wafundishwe kwa midomo na ishara ziachwe. Mwenyekiti wake, Giulio Tarra, alikuwa padri naye. Mikono iliyofunguliwa na padri mmoja ikafungwa chini ya uenyekiti wa mwingine, na ilikuwa hadi 2010, huko Vancouver, ndipo mkutano wa kimataifa wa walimu wa Viziwi ulipotamka rasmi majuto yake juu ya uamuzi ule.

Huku kwetu Kanisa liliwahi. Shule za Viziwi za Mumias na Nyang'oma, Kenya, zilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1961, na ile ya Tabora, ya kwanza nchini Tanzania, mwaka 1963. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba maaskofu wetu hawakujua Viziwi wapo. Kilichokosekana ni daraja kati ya shule na kigango. Kijana anahitimu, anarudi kijijini, na katika jumuiya yake ndogo ndogo hakuna hata mmoja anayeweza kumwamkia kwa alama. Tangu 2010 Katiba ya Kenya, ibara ya 120, imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mbunge ana haki ya kuhutubia kwa alama. Msomaji Kiziwi wa somo la kwanza bado anategemea hisani ya paroko.

Pingamizi ninalolisikia zaidi kwa wasomi ni la msamiati. Lugha ya alama, wanasema, haina maneno ya kubeba fumbo la Ekaristi. Ni pingamizi la ajabu kutoka kinywani mwa Mswahili. Imani, dhambi, neema, rehema, malaika: maneno haya yote tumeyapata kutoka Kiarabu, na wamisionari walioingia Bagamoyo mwaka 1868 waliyakuta yakitumika misikitini. Sakramenti na Ekaristi tuliyaazima Ulaya. Hakuna aliyesema Kiswahili kisubiri mpaka kikomae. Kilikomaa kwa kutumiwa, na Lugha ya Alama ya Tanzania nayo itapata alama za mageuzo na wokovu pale Viziwi wenyewe, makatekista na wanateolojia watakapoketi pamoja. Kazi hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa alama hutofautiana kutoka shule moja hadi nyingine. Kilichotupatia Biblia na Misale za Kiswahili kati ya lahaja zetu kilikuwa subira, na subira haijaisha.

Zipo parokia za mijini zenye mkalimani wa kila Jumapili, na hiyo ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, mkalimani aliyesimamishwa mlango wa pembeni, dirisha lenye jua nyuma yake, ni kivuli tu kinachopunga mikono. Uso wake ni sehemu ya sarufi: nyusi zikiinuka ni swali. Asipoangaziwa, sentensi zake zinakatika. Akikaa mbali na altare anamlazimisha Kiziwi achague kati ya kumtazama yeye na kutazama Hostia inayoinuliwa. Na kiongozi wa sala anaposema tufumbe macho, kwa Viziwi amezima kipaza sauti.

Kundi lingine halimo katika haya yote, na kulichanganya na la kwanza ni kosa la kawaida. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 70 hajui alama hata moja wala hatajifunza. Lugha yake ni Kiswahili, na tatizo lake ni sauti. Huyu parokia humtibu kwa kuongeza spika, jambo linalomdhuru. Katika kanisa la kuta ngumu na paa la bati mwangwi wa silabi moja huimeza inayofuata, na kifaa cha kusaidia kusikia hukuza mwangwi pamoja na neno. Anachohitaji ni maikrofoni iliyo karibu na mdomo wa msomaji, usomaji wa taratibu, masomo yaliyochapwa kwa herufi kubwa, na kinanda kilichopunguzwa. Hilo la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi, kama kwaya zetu ninazijua.

Masomo yaliyochapwa, kwa upande mwingine, si dawa ya Kiziwi wa kundi la kwanza. Sarufi ya alama si ya Kiswahili, na wengi wa Viziwi wa vijijini hawakubahatika kusoma vya kutosha. Pengo hili la lugha linauma zaidi katika kitubio. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, inaruhusu muumini kuungama kupitia mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kwa siri. Sheria ni nzuri. Lakini katika kigango cha kawaida anayejua alama za Kiziwi ni mmoja au wawili, nao ni mama yake, mkewe, au binti yake wa darasa la sita. Nani ataungama hivyo? Kwa hiyo mkalimani hawezi kuwa mwisho wa safari. Wapo mapadri ambao ni Viziwi wenyewe: Cyril Axelrod wa Afrika Kusini alipata upadri mwaka 1970, na Park Min-seo wa Korea Kusini mwaka 2007. Padri ambaye si Kiziwi anaweza kufundishwa. Seminari zetu humpa kijana miaka kadhaa ya falsafa na teolojia, pamoja na Kilatini kidogo ambacho hatakitumia sana. Saa mbili kwa juma za lugha ya alama, zikifundishwa na mwalimu Kiziwi, zingetosha kumwezesha kuketi na mtu mmoja mahali penye mwanga, bila mtoto kusimama katikati yao.