Titaniamu nayo inapulizwa kama puto!

Leo tuongelee jinsi vipuri vya ndege vya titaniamu vinavyotengenezwa. Mimi nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo naeleza kwa lugha ya kijiweni.

Kwanza, tatizo lenyewe. Aloi inayotumika sana kwenye ndege inaitwa Ti-6Al-4V, yaani ina aluminiamu asilimia 6 na vanadiamu asilimia 4. Ni nyepesi kuliko chuma, ina nguvu, na kutu haiisumbui. Ila ni kaidi! Ukiigonga ikiwa baridi kama fundi bodi anavyonyoosha mlango wa gari, inarudi ilikokuwa au inapasuka. Ukiivuta, ikirefuka asilimia 10 mpaka 15 tu inakatika.

Sasa ipashe moto hadi nyuzi 900 hivi za Sentigredi. Bado haijayeyuka, lakini kama chembe zake ni ndogo, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, inaweza kuvutika hata zaidi ya asilimia 500. Chembe zinapishana taratibu kama abiria kwenye daladala iliyojaa. Ukiharakisha, bati linakonda sehemu moja na kuchanika. Ukichelewa mno, joto linanenepesha chembe na mvutiko unapungua. Kwa hiyo bati linabanwa juu ya kalibu ya moto, halafu gesi ya agoni inalisukuma polepole mpaka likae umbo.

Kwa nini agoni na si upepo wa kawaida? Hapo ndipo penye roho za watu. Titaniamu ya moto inanyonya oksijeni na naitrojeni, ikawa ngumu na rahisi kupasuka. Tarehe 19 Julai 1989, DC-10 ya United ilianguka Sioux City, Marekani, wakafa zaidi ya watu 100. Diski ya feni ilipasuka kwa kasoro ya aina hiyo iliyoingia wakati titaniamu inayeyushwa. Diski ile haikupulizwa kwenye kalibu, lakini adui ni yule yule. Ndiyo maana hata baada ya kupuliza, ngozi ya juu iliyoharibika inaondolewa kwa kemikali.

Rolls-Royce wanatumia njia hii kwa mapanga ya feni ya injini za Trent. Mabati matatu yanaunganishwa kwa joto na mgandamizo, bila kuchomelea. Sehemu zisizotakiwa kushikana zinapakwa dawa, kisha agoni inapulizwa ndani. Bati la kati linavutika na kuwa kama kenchi za paa. Panga linatoka na uwazi ndani, jepesi lakini imara.

Na hili si la mbali. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua Dar Julai 2018, ina Trent 1000. Ukikaa dirisha la mbele ya bawa, chungulia feni ile.

Kwa hiyo mtu akilalamika spea za ndege ni ghali, mwambieni chuma hiki hakikubali haraka wala uchafu. Mafundi mliomo humu, ongezeeni nyama hapo chini.